MSIKITI WA IJUMAA WA KILWA NA NASABA YAKE NA AJEMI
Somo kwa watu wa pwani ya bahari na wa pwani ya ziwa la Nyasa



Katika miji ya pwani ya kaskazini ya ziwa la Nyasa, tangu Kyela na Itungi hata Matema, wamo watu ambao asili yao ni bahari. Wako miongoni mwao ambao wakiulizwa kabila hujibu kwamba wao ni Washirazi. Na wakitakiwa ushahidi, huutaja msikiti wa Kilwa: kwamba ulijengwa na Waajemi, basi na wenye msikiti ule ni Waajemi. Maneno haya yamesemwa mno hata yakashika mahali pa dalili, na mara nyingine hufanywa hoja ya mtu kutangulia mbele ya nduguye Mnyakyusa aliyesilimu, katika safu na katika mashauri ya msikiti. Kwa hiyo yapasa yapimwe kwa mawe yenyewe na kwa taarikhi, ijulikane kilicho cha Ajemi katika msikiti ule na kisichokuwa cha Ajemi.

Kwanza yajulikane maana ya jamii. Msikiti ni mahali palipowekwa wakfu kwa sala, hata pakiwa padogo kama chumba. Jamii ni ule ambao watu wa mji hukusanyika ndani yake siku ya Ijumaa. Na Ijumaa, katika madhehebu ya Imamu Shafii, ina masharti yake: wapatikane wanaume 40, wenye akili, waliobaleghe, waungwana, wakaazi wa mji wasiohama kiangazi wala masika; isaliwe ndani ya mpaka wa majumba ya mji; zitangulie hotuba mbili; na isitanguliwe wala isiandamane na Ijumaa nyingine katika mji ule ule, illa ikiwa watu ni wengi na kukusanyika mahali pamoja ni dhiki. Sharti hili la mwisho msomaji na alishike, kwani mbele litamfaa kulifahamu jengo la Kilwa kuliko habari zote za majahazi ya Shirazi.

Sasa Ajemi. Msikiti wa jamii wa kale ulio mashuhuri kupita yote katika nchi ile ni wa mji wa Isfahan. Asili yake ni zama za Bani Abbasi, katika karne ya tatu ya Hijra, kisha kila dola iliyokuja ikaongeza chake. Waziri Nidhamul-Mulk alijenga kuba kubwa mbele ya mihrabu mwaka 479, nao ni 1086 wa Miladi. Na mwaka 481 hasimu yake Tajul-Mulk akajenga kuba la pili upande wa kaskazini, dogo kuliko la kwanza, lakini mafundi wengi wanalihesabu kuwa zuri zaidi. Katikati ya msikiti ni ua mpana usio na dari, na kila upande wa ua una ukumbi mmoja mrefu uliofunguka mbele kama mlango wa jitu, kumbi nne zikitazamana. Jengo lote ni la matofali ya kuchoma, na juu ya matofali vigae vya rangi ya samawati vilivyotiwa baadaye. Shirazi nayo ina jamii yake ya kale, iliyoanzishwa na Amru bin Laith mwaka 281 wa Hijra, nao pia una ua katikati.

Msomaji wa leo akisikia Ajemi humjia moyoni madhehebu ya Kishia. Zama zile hazikuwa hivyo. Dola ya Safawi iliyowalazimisha Waajemi Ushia ilisimama mwaka 907 wa Hijra, nao ni 1501 wa Miladi. Kabla ya hapo nchi ile ilikuwa na wanavyuoni wengi wa Kisunni, na madhehebu ya Shafii yalikuwa na nguvu kubwa humo. Nidhamul-Mulk mwenyewe alikuwa Shafii, na chuo alichokijenga Baghdadi kilimpata kwa mwalimu wake mkuu wa kwanza Sheikh Abu Is-hak Shirazi, mwenye Muhadhabu na Tanbihi, aliyefariki mwaka 476. Mtu huyu alizaliwa Firuzabadi, katika jimbo la Shirazi hasa. Na Minhaji ya Imamu Nawawi, inayosomeshwa katika darsa za Lamu na Unguja, ni ufupisho wa kitabu cha Imamu Rafii, mtu wa Kazwini katika Ajemi. Basi anayetafuta urithi wa Ajemi katika pwani hii asihangaike na kuta peke yake. Na aufungue mkoba wa vitabu vyake.

Tuje Kilwa. Kisiwa cha Kilwa kipo kusini ya pwani ya Tanzania, katika mkoa wa Lindi. Msikiti wake wa Ijumaa ni majengo mawili yaliyounganishwa. Lile la kaskazini, lenye mihrabu, ni la karne ya 11 au ya 12 ya Miladi. Ni dogo: nguzo tisa, safu tatu za nguzo tatu tatu, zikagawanya nafasi ya ndani mafungu 16, na juu yake dari iliyolala sawa. Hakuna ua. Msikiti wote umeezekwa, tangu mlangoni hata mihrabu. Wala hakuna mnara. Hapana ukumbi uliofunguka kama wa Isfahan, wala kigae cha rangi ukutani. Mtu wa Isfahan angalipelekwa pale amefumbwa macho, kisha akafumbuliwa, asingalidhani kuwa yupo kwao.

Sababu yake si uchache wa elimu, bali ni nchi. Fundi hujenga kwa alichopewa na Mola wake mahali pale. Isfahan ina udongo wa tofali; Kilwa ina matumbawe. Nayo ni ya namna mbili. Iko mawe ya mwamba wa pwani, magumu na yenye matundu, ya kujazia kuta. Na liko tumbawe lililo hai ndani ya maji, ambalo likitolewa lingali bichi huchongeka kama mti, kisha likipigwa na hewa likawa gumu. Hili ndilo la mihrabu, la vizingiti na la nakshi. Tumbawe hilo hilo hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa, likawa chokaa. Na dari hulazwa juu ya boriti za mikandaa, na boriti hiyo haivuki nafasi kubwa: kama mita mbili na nusu au tatu, si zaidi. Ndiyo maana nguzo za misikiti ya kale ya pwani zimekaribiana, na kumbi za majumba ni nyembamba na ndefu. Mkoko ndio uliopima msikiti.

Hata hivyo iko sehemu moja ambapo mkono wa Ajemi unaonekana bila shaka, na haipo Kilwa. Ipo Kizimkazi ya Dimbani, kusini ya Unguja. Katika mihrabu ya msikiti ule yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwezi wa Mfunguo Pili, Dhulkaada, mwaka 500, nao ni 1107 wa Miladi, pamoja na jina la Sheikh Abu Imrani Musa bin Hasan bin Muhammad aliyeamrisha ujenzi. Jengo lililosimama leo kwa sehemu kubwa ni la karne ya 18, lakini maandishi ni ya tarehe yake, na waliochunguza hati wameyafananisha na ya Sirafi, bandari ya Waajemi katika Ghuba. Hati, basi, na kuta zinabaki kuwa za matumbawe na chokaa.

Turudi Kilwa, kwenye jengo la pili. Mji ulipotajirika kwa dhahabu ya Sofala, watu waliongezeka na msikiti ukawa mdogo. Hapa ndipo linapofaa lile sharti la Ijumaa moja. Mji wa Mashafii ukijaa, mlango wa kwanza wanaoutazama si kufungua jamii ya pili, bali ni kuipanua ile ya kwanza, ili mji ubaki na Ijumaa moja, hotuba moja na imamu mmoja. Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyetawala kwa kadiri ya mwaka 1310 hata 1333, aliubomoa ukuta wa fikra kabla ya ukuta wa mawe: aliongeza kusini ya msikiti wa kale ukumbi mkubwa kuliko msikiti wenyewe, na upande wa kusini-mashariki akajenga chumba chenye kuba kubwa, kuba ambalo halikupata mfano wake katika pwani yetu kwa karne nyingi. Sultani huyu ndiye mwenye jumba la Husuni Kubwa, na sarafu yenye jina lake imepatikana hata Zimbabwe Kuu, mbali na bahari.

Na huyu Sultani hakuwa Mshirazi. Alikuwa wa nyumba ya Mahdali, ambao nasaba yao ni Yamani, nao walikuwa wameushika ufalme wa Kilwa tangu babu yake, mwishoni mwa karne ya 13. Taarikhi ya Kilwa inasema kwamba katika ujana wake alikwenda Aden kutafuta elimu, kisha akahiji. Kwa hiyo sehemu ya msikiti inayowastaajabisha watu zaidi, ile ya makuba, inayoitwa ya Waajemi, mwanzo wake ni amri ya mtu wa nasaba ya Yamani.

Ibn Batuta alifika Kilwa katika utawala wake, mwaka 731, nao ni 1331 wa Miladi. Aliusifu mji, akaandika kwamba majengo yake ni ya miti. Akawataja wenyeji kuwa watu weusi, watu wa dini na wema, Mashafii. Akamsifu Sultani kwa ukarimu, aliyeitwa kwa ajili yake Abul-Mawahibu, mwenye vipawa, na kwa kukaa na mafakiri na kula pamoja nao. Kuhusu kuba hakuandika neno. Wanaosema kwamba alilisifu kuba wamemtia kalamuni asichokiandika.

Ukumbi ule haukudumu. Nguzo zake zilikuwa za tumbawe lililochongwa kipande kimoja kimoja, nazo hazikustahimili uzito wa juu yake. Jengo likaanguka, likabaki kuba la Sultani. Kwa miaka mingi watu wa Kilwa walisali katika vibanda, penye mji uliokuwa ukiuza dhahabu. Jambo hili linafaa kufikiriwa. Mali ilikuwapo, walakini msikiti ulikuwa kifusi, mpaka zama za Sultani Sulaiman bin Muhammad, Al-Malik Al-Adil, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, ambapo, kwa maneno ya taarikhi, mtu mmoja mwenye mali aliomba ruhusa aujenge upya kwa mali yake. Safari hii mafundi hawakuyarudia makosa ya kwanza. Waliacha nguzo za kipande kimoja, wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, wakaziunganisha kwa matao. Juu wakaugawanya ukumbi mafungu 30, mafungu matano kwa sita, mengine yakafunikwa kwa makuba na mengine kwa dari ya mviringo mrefu, kama tumbo la jahazi lililopinduliwa. Nguzo hizo na sehemu ya makuba hayo ndivyo vilivyosimama hata leo.

Yaliyofuata yanajulikana. Wareno wakaiteka Kilwa mwaka 1505 na kuipora. Wazimba wakauingia mji mwaka 1587. Karne ya 18 ukapata uhai tena, kisha katika miaka ya 1840 Sayyid Said akamwondoa sultani wa mwisho na kumpeleka Maskati, na biashara ikahamia Kilwa Kivinje barani. Neville Chittick aliyachimba magofu katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974. Mwaka 1981 UNESCO ikayaandika katika urithi wa dunia; mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yanayoogopewa kuharibika, na mwaka 2014 yakatolewa humo baada ya kutengenezwa.

Hapa pana hukumu ambayo wageni hawaijui na wenyeji wameisahau. Msikiti ukianguka, na kuujenga tena kukawa hakuwezekani, katika madhehebu ya Shafii wakfu wake hauvunjiki. Hauuzwi kwa hali yoyote, wala haurudi kuwa milki ya aliyeuweka wala ya warithi wake. Basi gofu la Kilwa ni msikiti. Mwenye janaba haijuzu kwake kukaa ndani yake, na anayeingia akiwa na udhu ni suna asali rakaa mbili za maamkizi, hata kama juu yake ni mbingu tupu na pembeni pana wenye kupiga picha. Mwongozaji wa wageni aliye Muislamu hii ni amana yake kabla ya kuwa kazi yake.

Ama nasaba ya watu, taarikhi ya Kilwa inasimulia kwamba Ali bin Hasan alitoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka pande zote. Wanavyuoni wa zama hizi walikuwa wakiikataa hadithi hii kabisa, wengine wakisema kwamba Ushirazi ni jina la fahari tu. Kisha mwaka 2023 ukachapishwa uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya kale ya miji ya pwani, Kilwa ikiwa mojawapo, ukaonyesha jambo ambalo halikuwapendeza kikamilifu wa upande huu wala wa upande ule. Watu wengi waliozikwa humo walikuwa na damu ya Ajemi kwa upande wa baba, iliyochanganyika kwa kadiri ya mwaka 1000 wa Miladi. Na kwa upande wa mama damu yao ilikuwa ya Afrika, karibu yote. Mwenye kujigamba kwa Ushirazi, basi, huenda akawa mkweli kwa babu yake. Lakini bibi yake alikuwa nani? Alikuwa wa kabila la hao hao anaotaka kuwatangulia. Na taarikhi haisemi kwamba Washirazi walijenga peke yao. Jiwe lilizamiwa, likachomwa, likabebwa na watu wa nchi.

Tena asiyetaka kukumbuka bibi na aikumbuke njia. Uislamu ulipofika ziwa la Nyasa ulipita njia ya misafara iliyotoka Kilwa Kivinje, na misafara hiyo ilichukua pembe na watumwa. Karonga, kidogo kusini ya mto Songwe, alikaa Mlozi na wafanya biashara wenziwe wa Kiswahili, wakapigana na kampuni ya Waingereza tangu mwaka 1887 hata 1889, na mwaka 1895 Mlozi akanyongwa. Watu wa nchi ile walimwona mtu wa pwani akija na kanzu na mnyororo pamoja. Wakati huo huo, tangu mwaka 1891, wamisionari walikuwa wakijenga vituo vyao kwa Wanyakyusa. Kuwa Waislamu leo ni wachache Kyela, si ajabu. La ajabu ni kwamba baada ya mnyororo ule walipatikana Wanyakyusa walioingia msikitini kwa hiari zao, nao ndio wanaoambiwa wakae safu ya nyuma.

Wala hawa wachache hawana nafasi ya kugawanyika. Hutokea katika miji midogo, wenye asili ya pwani wakigombana na wenyeji juu ya uimamu, kundi moja hutoka na kusimamisha Ijumaa yake mtaa wa pili. Hiyo si haja inayokubaliwa na sheria. Haja ni watu kutotoshea. Na Kilwa, penye sultani na dhahabu, walipokuwa hawatoshei walipanua. Imamu Shafii aliingia Baghdadi akaikuta na Ijumaa zaidi ya moja asiwakanye, na wanavyuoni wamelieleza hilo kuwa ni kwa ukubwa wa Baghdadi na uzito wa kukusanya watu wake. Mtaa wenye wanaume 60 si Baghdadi.

Limebaki jambo moja ambalo mtu wa pwani akilichukua kama alivyolizoea Kilwa, litamkosesha Kyela: nalo ni kibla. Kilwa na Makka zipo karibu mstari mmoja wa kusini na kaskazini, kwa hiyo mihrabu ya Kilwa ikielekea kaskazini imeelekea Kaaba. Kyela ipo magharibi zaidi. Kibla yake ni kaskazini iliyoinama mashariki kwa kadiri ya digrii 11. Katika ukuta wa mita 10 tofauti hiyo ni karibu mita 2. Na mwenye kuufanya mlima Rungwe kuwa alama yake amekosa zaidi, kwani kilele chake, kwa anayesimama Kyela, kipo magharibi ya kaskazini, wala si mashariki yake.

Akibainikiwa na hayo, asikimbilie kubomoa. Mihrabu ambayo Waislamu wameisalia muda mrefu haifanyiwi ijitihadi katika upande wake, walakini yajuzu kufanyiwa ijitihadi katika kuinamia kulia au kushoto. Basi misitari ya mikeka huinamishwa, na ukuta huachwa ulivyo. Aliyesali kwa ijitihadi kisha ijitihadi yake ikabadilika, halipi sala zilizopita. Ama aliyeyakinisha kwamba alikosa, kwa kauli yenye nguvu hulipa.

Na njia ya kuhakikisha haihitaji chombo. Jua husimama juu ya Kaaba mara mbili kwa mwaka: tarehe 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa sita na dakika 27, kwa saa za Makka, nazo ni sawa na saa za Tanzania. Kwa Kyela siku ya Julai ndiyo bora, kwani Mei mara nyingi mvua na mawingu ya ziwa hayajaondoka. Isimamishwe fimbo ya mita moja mahali palipo sawa, inyoshwe kwa timazi. Saa ikifika, kivuli chake kitakuwa kama sentimita 60, kimelala kusini na kuinama kidogo magharibi. Mstari utakaochorwa kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye fimbo ndio unaoelekea Kaaba. Siku moja kabla au baada haidhuru, lakini dakika zichungwe.